Maji ya Mwisho

Ukitaka kujua kama mwanamke wa Uvira, mashariki mwa Kongo, anajua kufua nepi, usitazame povu. Povu hata mtoto wa miaka saba hulitoa. Tazama maji yake ya mwisho, yale anayobaki nayo baada ya kusuuza mara ya tatu. Yakiwa yanaonyesha chini ya beseni, hayatelezi vidoleni, hayanuki sabuni wala mkojo, basi umekutana na fundi, na mtoto wake habebi vidonda vya kubabuka kila juma.

Kazi hii nimeitazama kwenye nyua za mitaa ya Mulongwe, Kimanga na Kalundu, na kila ninapoitazama heshima yangu kwake huongezeka. Watu huihesabu pamoja na kufagia na kuosha vyombo, kana kwamba kila mwanamke huzaliwa akiijua. Si kweli. Hufundishwa, tena kwa ukali, katika majuma ya kwanza ambapo mzazi bado hajapata nguvu na bibi wa mtoto ndiye mwenye beseni. Mtoto mchanga huchafua nepi hata kumi kwa siku. Mwenye uwezo hununua zile za kutupa, na wengi huzinunua mojamoja dukani kwa ajili ya safari au kwa ajili ya usiku. Siku nyingine zote ni za kitambaa.

Kitambaa chenyewe huchaguliwa kwa akili. Kitenge kipya kinang'aa, lakini hakinywi maji. Kina wanga wa kiwandani, na mkojo hutiririka juu yake hadi mgongoni mwa mtoto. Bibi hufungua sanduku akatoa kitenge kilichovaliwa miaka mingi, kile kilichopauka na kulainika kwa kufuliwa mara mia, au shuka la pamba lililochakaa katikati. Hukikata vipande vya mraba na kuvipinda ukingoni kwa mshono mwembamba, kwa sababu mshono mnene hukwaruza paja na hukawia kukauka. Kitambaa chepesi cha kukunjwa mara nne ni bora kuliko kimoja kizito: kikikunjwa hunywa sana, kikikunjuliwa hukauka upesi, na uchafu hauna mahali pa kujificha.

Baada ya kitambaa ni maji, na hapa Uvira huuliza swali gumu. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470. Mgeni anaweza kudhani kwamba watu walioketi kando ya maji mengi kiasi hicho hawawezi kukosa ya kufulia. Lakini mabomba ya REGIDESO, shirika la maji la serikali, hutegemea mto Mulongwe, na siku ambazo hayatoi kitu si chache. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba kando ya mto huo na kuharibu pia mitambo ya maji. Bomba likikauka, watu huenda mtoni au ziwani wakiwa na bidoni za lita 20 kichwani, na kila lita imelipiwa kwa shingo ya mtu.

Tena maji hayafanani. Ya ziwani yana magnesi nyingi na chumvi nyingine, na uchachu wake uko mbali kabisa na wa ngozi: kipimo cha pH ziwani hukaribia 9, ilhali ngozi ya binadamu hupenda kama 5.5. Sabuni ya kipande inayochemshwa kwa mawese, ile inayouzwa pande zote za ziwa hadi Bujumbura, ikikutana na magnesi hufanya utando mweupe badala ya povu. Utando huo hunasa kwenye nyuzi. Kitambaa kikikauka kinakuwa kigumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, hakinywi tena vizuri, na humsugua mtoto kila anaporusha miguu. Kwa hiyo fundi hugawa maji kwa kazi. Ya ziwani hutoa uchafu wa kwanza. Ya bomba au ya mto hukutana na sabuni. Ya mvua, yaliyokingwa chini ya bati toka Oktoba hadi Mei, huwekwa pembeni kwa ajili ya kusuuza mwisho, na mtoto mkubwa akiyachota anawe miguu atasikia sauti ya bibi kutoka jikoni: "Weye! Hayo ni ya mdogo wako!"

Kufua kwenyewe huanza chooni. Kinyesi hukwanguliwa na kutumbukizwa shimoni, na maji ya kwanza ya kulowekea nayo humwagwa huko. Hayaendi mferejini wala mtoni. Kipindupindu kimekaa Uvira miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku ambazo maji ya bomba hayakutoka zilifuatwa, ndani ya siku kumi na mbili, na ongezeko kubwa la wagonjwa wa kuhara waliolazwa; ndizo siku ambazo watu huteka mtoni na ziwani. Wengi hudhani kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara. Bibi hana dhana hiyo. Akiona binti anaelekea mferejini na beseni la nepi, humsimamisha: "Mama, rudi. Chini kule kuna mtu anateka ya kunywa." Huo ni ustadi unaomlinda jirani ambaye mfuaji hamjui na ambaye hatakuja kumshukuru.

Maji hayo ya kwanza lazima yawe baridi. Maji ya moto yakikutana na kinyesi kibichi hukigandisha ndani ya nyuzi, na doa halitoki tena. Baridi hulegeza, vidole hufikicha, uchafu huachia. Ndipo sabuni inapoingia, nayo kwa kiasi. Kipande husuguliwa mahali palipochafuka tu, kisha kitambaa hufikichwa kwa kitambaa chenyewe. Sabuni ikiisha kuna maji ya majivu: jivu safi la kuni hulowekwa, likatuama, likachujwa. Yanakata mafuta na harufu vizuri sana, lakini ni makali, na anayeyatumia anajua kwamba amejiongezea suuza moja. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo, nayo hutumika kidogo na mara chache, kwa sababu inakula nyuzi, na masalia yake yanaunguza ngozi.

Kisha sufuria hupanda mbabula, jiko la makaa. Makaa ni ghali, hivyo nepi hazichemshwi kila siku. Huchemshwa mtoto anapoharisha, anapokuwa na ukungu wa mdomoni, au vitambaa vinapoanza kutoa ile harufu kali inayochoma pua mara mtoto anapokojoa. Harufu hiyo ni amonia, na inatuambia kwamba vimelea vimebaki ndani ya nyuzi vikisubiri mkojo wa kugeuza. Fundi hapambani nayo kwa sabuni yenye manukato. Huiondoa kwa moto, kisha kwa suuza.

Na suuza ndiyo kilele cha ufundi. Chukua hesabu ya karibu. Vitambaa vilivyokamuliwa baada ya kufuliwa vimebaki na lita moja ya maji ya sabuni, na mama ana lita 18 za kusuuzia. Akizimwaga zote kwa mara moja, sabuni hubaki sehemu moja katika 19. Akizigawa mara tatu, lita sita sita, na kukamua kila mara, hubaki sehemu moja katika 343. Maji ni yaleyale, mikono ni ileile, na tofauti yake ni mara kumi na nane. Akikamua kwa nguvu zaidi hadi ibaki nusu lita tu, sehemu hiyo inapungua hadi moja katika zaidi ya elfu mbili. Wanawake wa Kalundu hawakuandika hesabu hiyo popote, lakini wanaitenda. Ndiyo maana utawaona wakikamua wawili wawili, mmoja ameshika ncha huku na mwingine kule, wakizungusha hadi kitambaa kijikunje chenyewe. Nguvu za mikono zinachukua nafasi ya maji ambayo hayapo.

Maji ya suuza ya tatu hayamwagwi ovyo. Yanakuwa suuza ya pili ya fungu linalofuata, baadaye ya kwanza, kisha ya kulowekea, na mwisho yanasafisha sakafu ya choo. Kanuni ni moja: maji hutoka kwenye safi kwenda kwenye chafu, wala hayarudi nyuma. Kwa mpango huo nimeona nepi za siku nzima zikitakaswa kwa bidoni mbili, pale ambapo mtu asiye na mpango angemaliza nne na bado akaacha sabuni ndani.

Kuanika nako kuna elimu yake. Katika nchi hii yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu na harufu ya mkojo, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai yakianguliwa, funza huingia ndani ya ngozi na kufanya jipu lenye tundu. Kwa mtoto anayelazwa juu ya kitambaa hicho saa ishirini na nne, ni mateso. Kwa hiyo kamba hufungwa juu, mahali jua linapopiga wazi, na nguo huanuliwa kabla jioni haijaingia. Jua lilelile huua vimelea vingi, na ukavu humaliza kile cha kipindupindu, ambacho hakivumilii kukauka. Kisha huja pasi ya makaa, pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono, ambako joto hukawia kufika na mayai hujificha. Wakati wa mvua, kamba ikihamia barazani, pasi inakuwa lazima. Asiye na makaa ya kutosha hupiga pasi nepi kwanza, na shati la baba hungoja.

Yote haya yana lengo moja, ngozi ya mtoto. Mkojo ukikaa, vimelea huugeuza kuwa amonia, na uchachu wa ngozi hupotea. Hapo vimeng'enya vya kinyesi, ambavyo vilikuwa vimetulia, huamka na kuila ngozi iliyolainishwa na unyevu. Kitambaa kigumu kikisugua juu yake, mtoto amebabuka. Ukiijua njia hiyo utaelewa kwa nini maji ya ziwa yasiwe ya mwisho, kwa nini sabuni isibaki, na kwa nini bibi humkataza binti kufunga mfuko wa plastiki juu ya nepi usiku. Mfuko huokoa godoro na kumpika mtoto.

Nepi hubadilishwa mara inapolowa, pamoja na usiku. Makalio huoshwa kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma, na hukaushwa kwa kugusagusa bila kusugua. Kisha mtoto huachwa uchi juu ya kitambaa kikavu kwa muda, kwenye upepo wa barazani. Ngozi ikishakauka kabisa, hupakwa vazilini kidogo kama kinga. Poda haitumiki: hujikusanya kwenye mikunjo, na vumbi lake huingia mapafuni. Maziwa ya mama nayo husaidia, kwani choo cha mtoto anayenyonya tu kina ukali mdogo kuliko cha anayepewa maziwa ya kopo.

Ngozi ikiharibika pamoja na juhudi hizi, fundi huisoma. Wekundu ulio juu ya makalio na mapaja, huku mikunjo ikibaki salama, umeletwa na unyevu na msuguano. Dawa yake ni hewa, kubadilisha upesi na kuongeza suuza. Wekundu mkali unaoingia ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo vilivyotawanyika ni ukungu, na huo unahitaji dawa ya kituo cha afya pamoja na kuchemsha kila kitambaa. Malengelenge, usaha au homa havingojei kesho. Bibi anayejua hana haya ya kusema, "Hii imepita mikono yangu, twende."

Februari 2025, familia nyingi za upande huu zilikimbia vita, zikavuka mto Rusizi kuingia Burundi, na maelfu walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Katika hali kama hiyo mtu hana beseni tatu wala kamba ndefu. Mama huwa na kitenge alichojifunga na kingine alichombebea mtoto. Anayejua kazi hii anajua pia ipunguzwe vipi bila kuvunjika. Anapasua kitenge kimoja vipande vinne. Anamwaga uchafu mbali na mahali pa kuteka. Anakamua kwa nguvu zake zote, anaanika juani hata kama ni juu ya kichaka, na anamwacha mtoto bila nepi mchana. Utaratibu unabaki uleule, vyombo vikiwa vimepungua.

Mafunzo yake yana hatua. Binti hukabidhiwa kwanza kuchota, halafu kufikicha kwa sabuni, kisha kukamua. Kupiga pasi hupewa baadaye. Kusuuza ndiko kunakotolewa mwisho, kwa sababu kunadai uamuzi: kusema "yametosha" au "tuongeze moja" wakati bidoni iko karibu kwisha na mikono imechoka. Bibi hasemi chochote kuhusu weupe wa nepi kwenye kamba. Humvua mtoto, hutazama mikunjo ya mapaja yake, na akiikuta mikavu na mizima, humwachia binti beseni.