Pumzi ya Udongo

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote vya maabara ya udongo huanza kwa mauaji. Udongo mbichi hupitishwa kwenye chekeche, ukagawanywa mafungu mawili. Moja hufungiwa saa 24 ndani ya mvuke wa klorofomu. Bakteria na kuvu hufa, seli zao hupasuka. Kisha mvuke huondolewa wote, udongo kidogo ulio hai hurudishwa humo, na hao wageni huanza kula maiti. Wanakula huku wakipumua. Hewa ya ukaa wanayoitoa kwa siku 10, ikilinganishwa na ya fungu lisiloguswa, ndiyo inayotujulisha uzito wa waliokufa. David Jenkinson na David Powlson wa Rothamsted, Uingereza, waliichapisha njia hiyo mwaka 1976, na bado naistaajabia.

Ustadi wake umo katika uangalifu. Klorofomu isiwe na alkoholi, maana ikibaki italiwa nayo na kuhesabiwa kama maiti. Hewa ya ukaa hunaswa na soda kali iliyowekwa kikombeni kando ya udongo. Chupa nyingine hufungwa bila udongo wowote, kwa kuwa soda hunasa pia hewa ya ukaa ya chumbani. Mwishoni, ili kupima soda iliyobaki bila kunasa kitu, asidi hudondoshwa kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi ya kiashiria itoweke. Hapo mkono ndio mizani. Tone moja la ziada huwafuta viumbe waliokuwapo kweli, na hakuna atakayewadai. Namheshimu sana mtu anayelizuia tone hilo saa kumi jioni, chupa ya mwisho, kwa makini yale yale aliyoanza nayo asubuhi.

Mwaka 1987 ikaja njia ya haraka: kaboni iliyomwagika huoshwa kwa salfeti ya potasiamu, na kungoja kumekwisha. Inafaa hata kwenye udongo wenye asidi kali, ambako ya kwanza hukosea. Ni njia bora. Mapenzi yangu tu ndiyo yaliyobaki kwenye zile siku 10.

Viumbe hawa aghalabu hawazidi asilimia 5 ya kaboni ya mboji, lakini hubadilika mapema kuliko mboji yenyewe. Aliyeanza kutia samadi au kurudisha mabua shambani huuona mwelekeo kwao kwanza.

Nasi tuna sehemu yetu katika kazi hii. Huko Muguga, karibu na Nairobi, H. F. Birch alipima pumzi ya udongo wa Afrika Mashariki, na mwaka 1958 akaeleza kinachotokea udongo mkavu unapolowa: pumzi hupanda ghafla, naitrojeni huachiliwa kwa wingi, kisha vyote hupoa. Ukikauka ukalowa tena, hurudia. Hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake. Na ndiyo mojawapo ya sababu mahindi yaliyowahi mvua za kwanza hunawiri, wakati aliyechelewa kupanda hukuta sehemu ya naitrojeni imekwisha kuzama na maji, chini mizizi isikofika.