Mchezo wa Roho na Mizani ya Utu

Wako watu wadhanio kuwa mchezo ni kitu cha kupotezea wakati, na kwamba maadili hufunzwa kwa hotuba tu. Sisi hatuafikiani nao. Lakini hatuafikiani vilevile na wale wanaoamini kwamba kila mchezo utajao wema hufunza wema. Katika kurasa hizi twakusudia kuuchunguza mchezo wa mezani uhusuo roho na maadili, na kuuliza swali moja: je, wema waweza kuhesabiwa kwa alama?

Mchezo wa nyoka na ngazi, ujulikanao na watoto wetu wengi, asili yake ni Bara Hindi. Katika mbao za kale za huko, vyumba vilipewa majina ya sifa njema na ya maovu. Ngazi ilianzia penye wema ikampandisha mchezaji. Nyoka alikaa penye uovu akamteremsha. Na kituo cha mwisho kilikuwa ukombozi wa roho. Waingereza waliuchukua mchezo huo mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye majina yakafutika, wakabaki nyoka na ngazi tu. Fundisho lake ni zuri, lakini lina kasoro: mchezaji hachagui lolote. Dadu humtupa penye wizi naye hakuiba, humpandisha penye ukarimu naye hakutoa kitu.

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Humo kila mchezaji hujivika nafsi ya mtu wa kubuni, na kiongozi humweleza yaliyomkabili, kisha humwuliza atafanyaje. Hatua hiyo ni kubwa, kwa kuwa uchaguzi umerudi mikononi mwa mchezaji. Hata hivyo, mhusika alitakiwa tangu mwanzo aandikwe yu upande gani: wa utaratibu, wa kati, au wa vurugu. Lugha yetu haina pupa hiyo. Tusemapo kwamba fulani ana roho nzuri, twatoa hukumu baada ya kuishi naye, si kabla.

Kwa kuyatafakari hayo, tulitunga mchezo wetu mdogo, tukaujaribu Mbamba Bay pamoja na wanafunzi watano wa sekondari. Mmoja alikuwa mvuvi, mwingine mjane, wa tatu mkulima wa kahawa aliyeteremka kutoka milima ya Umatengo, na wengine majirani. Kila tendo jema lilipata punje ya haragwe. Kila ovu lilinyang'anywa punje. Mvuvi alikuta alfajiri wavu wa mjane umekatika, unaelea ziwani, umejaa samaki. Kijana aliyekuwa mvuvi akaurudisha pamoja na samaki wote, lakini kabla hajamaliza kusema akatugeukia: "Mzee, nimepata punje ngapi?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana kosa lilikuwa letu. Wahenga walituusia tutende wema tukaende zetu. Sisi tulimfunza kijana atende wema asimame kungoja malipo.

Ndipo tulipoikumbuka sengu. Wamatengo wa Mbinga walikuwa na desturi ya ndugu na majirani kukutana kula pamoja, na hapo hapo wazee wakafunza vijana na kusuluhisha ugomvi. Hapakuwa na alama. Palikuwa na macho ya watu ambao kesho utalima nao. Hatudai kwamba sengu ilikuwa kamilifu, kwani sauti ya mzee ilitawala mno. Lakini ilijua kwamba maadili hukaa baina ya watu.

Jioni ya pili tuliondoa maharagwe. Badala yake, baada ya kila tendo, aliyeguswa nalo aliruhusiwa kuuliza swali moja. Safari hii kijana yule yule aliurudisha wavu, samaki akabaki nao. Msichana aliyekuwa mjane akamwuliza, "Kesho utapitaje mlangoni kwangu?" Kijana akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akajibu kwamba atazunguka kwa njia ya ufukweni, usiku. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosa. Hapo ndipo roho ilipoingia katika mchezo.

Yatupasa tukiri hatari moja iliyobaki. Kiongozi wa mchezo hushawishika kuhubiri, hasa akiwa mtu mzima mbele ya vijana. Sisi wenyewe tulijizuia kwa shida.

Walimu wenzetu katika kazi hii ya malezi, mcheza kwao hutunzwa. Tungeni michezo ya namna hii kwa mambo ya vijiji vyenu, muijaribu, na muwaache wanafunzi waisahihishe. Lakini msiipe alama. Shule zetu zina alama za kutosha. Zilizo haba ni nafasi za kijana kuulizwa na mwenzake swali asiloweza kulijibu upesi.