Wasomao Pingili

Vibanjani Bukoba na Muleba wafu huzikwa karibu na nyumba, katikati ya migomba. Mtu hukanyaga kaburi la babu wa babu yake akienda kukata mkungu wa ndizi, na hakuna anayeona ajabu. Lakini chimba hapo baada ya karne kadhaa, huenda usiambulie hata jino. Mvua ya Bukoba hufikia milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu uliotokana na mawe ya mchanga una asidi nyingi; mfupa huliwa taratibu mpaka ukaisha. Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani aliyechimba Katuruka kule Maruku kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alitusimulia habari za wafua chuma wetu wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa kusoma mavi ya chuma, makaa na vigae vya vyungu vya aina ya Urewe. Kazi yao ipo. Migongo iliyoinamia mivukuto ile imekwenda.

Kwa hiyo fundi ninayemsifu hapa ni fundi ambaye udongo wa kwetu umemnyima kazi: msomaji wa mifupa ya kale, na zaidi yule anayesoma uti wa mgongo.

Mtu mzima ana pingili 24 zilizo huru: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Chini yake upo mfupa wa pembetatu, nao ni pingili 5 zilizoshikamana. Fundi huanza kwa kuhesabu. Wapo watu wenye pingili 6 za kiuno, na wapo ambao ya tano imeungana na ule mfupa wa pembetatu. Wengi wao huishi na kuzeeka bila kujua. Halafu hugeuza kila kipande na kukitazama nyuma, penye tao linalofunika neva. Tao likiwa wazi, kuna swali. Kingo zikiwa laini, zimeviringana, zimefunikwa na mfupa mgumu, basi halikufunga tangu tumboni mwa mama. Kingo zikiwa kali, na rangi yake nyeupe kuliko mfupa uliobaki, mhalifu ni sepetu ya juzi.

Pingili mbili zilizoungana nazo zina lugha yake. Zikibana kiuno pale zinapokutana, bila alama ya kuliwa, hazikuwahi kutengana. Sehemu ya mbele ikiwa imebomoka na mgongo ukakunjika ghafla kwenda mbele, hapo hushukiwa kifua kikuu. Mfupa wa ziada ukitambaa pembeni kutoka pingili hadi pingili, mara nyingi ni uzee tu. Wakati mwingine pingili imekua nusu, upande mmoja, na mgongo wote juu yake ukalazimika kupinda. Mambo haya hayatakiwi kuamuliwa kwa haraka, na mtu asiyeweza kukaa na kipande kimoja asubuhi nzima atafute kazi nyingine.

Afrika Mashariki tuna kesi yetu iliyowajaribu mafundi hawa vikali. Agosti 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya wa Ukambani aliyejifunza kazi kwa akina Leakey pale Olduvai, aliona kipande cha paji la uso kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Yeye na wenzake, pamoja na Richard Leakey na Alan Walker, walichekecha udongo msimu baada ya msimu wakapata karibu mwili mzima wa mvulana wa jamii ya Homo erectus, aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mfereji wa neva katika pingili za kifua chake ulionekana mwembamba. Mwaka 1993 Ann MacLarnon alieleza kwamba huenda neva za kutawala pumzi zilikuwa chache, na maneno kama yetu yasingemtoka. Mwaka 2001 Bruce Latimer na James Ohman wakaja na hoja nyingine: mtoto alizaliwa na kasoro ya ukuaji wa mifupa, wala asifanywe kipimo cha wenziwe.

Kwa miaka kadhaa, basi, mvulana yule alibeba ugonjwa. Kisha Martin Haeusler, Regula Schiess na wenzao wa Zurich wakaichukua mifupa upya, pingili kwa pingili, ubavu kwa ubavu. Mwaka 2011 walionyesha kuwa pingili za kiuno zilikuwa 5, si 6 kama ilivyodhaniwa, na kwamba baadhi ya mbavu zilikuwa zimepangwa mahali pasipo pake. Zilipohamishwa, upogo mwingi ukatoweka. Mwaka 2013 wakaeleza alama za diski iliyochomoka kiunoni, jambo linaloelekea kwenye jeraha. Vipimo vya baadaye vya mfereji vikaangukia ndani ya kiwango cha watu wa leo. Ugonjwa ulikuwa wa mezani.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Daktari wa walio hai akikosea, mgonjwa hulalamika. Mfu hana wa kumlalamikia, na bado watu hawa hurudi kumfutia kasoro ambayo hakuwa nayo. Walifanya hivyo pia kwa Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza, aliyefukuliwa Leicester mwaka 2012: Shakespeare alimpa kibiongo na mkono ulionyauka, mifupa ikaonyesha mgongo uliopinda upande, baada ya utoto wa kawaida, na mikono mizima. Kwa upande wa pili, pale Windover, Florida, walimtambua kijana wa miaka kama 15, wa zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, aliyezaliwa na mgongo wazi. Kufika umri huo bila hospitali maana yake kuna waliombeba na kumlisha.

Kwetu mtoto wa namna hiyo akizaliwa, bado hutafutwa mkosaji: mama alikula nini, shangazi alitamka nini, mzimu gani hakupewa chake. Msoma mifupa anajua kwamba mfereji wa neva mgongoni hufunga ndani ya wiki nne za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajijua, na kwamba hata watu wa kale walizaliwa hivyo. Ningependa amwambie hivyo mkwe wa mtu huko Muleba, kwa Kihaya.

Lakini mafundi hao hapa nyumbani ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Kijana wa sekondari ya Ihungo au Rugambwa unayependa biolojia na historia kwa pamoja, ukijaza fomu za chuo usiiruke akiolojia.