Hadhi, Uvumi na Nyumba ya Mjane: Uhakiki wa Filamu ya All That Heaven Allows (1955)

1.0 Utangulizi

Filamu ya All That Heaven Allows, iliyoongozwa na Douglas Sirk na kutolewa na kampuni ya Universal ya Hollywood mwaka 1955, huelezwa kwa kawaida kuwa ni kisa cha mapenzi yanayovuka mpaka wa tabaka. Cary Scott (Jane Wyman), mjane mwenye watoto wawili ambao tayari ni watu wazima, anampenda Ron Kirby (Rock Hudson), mwanamume mdogo kwake kwa umri ambaye hufika nyumbani kwake kupogoa miti. Watu wa mji wao mdogo wa Stoningham wanaukataa uhusiano huo, watoto nao wanaukataa, lakini mwishowe wapendanao wanaungana.

Makala hii inayahoji maelezo hayo. Hoja yake ni kwamba kinachowatenganisha Cary na Ron si tabaka kwa maana ya kipato na umiliki wa mali, bali ni hadhi, na kwamba hadhi hiyo hulindwa kwa maneno. Aidha, makala inadai kwamba filamu inauonesha ulinzi huo kwa uwazi mkubwa, kisha inakwepa kulijibu swali ililoliuliza yenyewe.

2.0 Tabaka au Hadhi?

Ron si maskini. Amerithi kutoka kwa baba yake ardhi na biashara ya miti, na anakusudia kuacha kazi ya kupogoa ili ajikite katika kuotesha miche. Ana kinu cha zamani ambacho anakikarabati kwa mikono yake kiwe makazi. Rafiki yake Mick alikuwa na kazi nzuri ya matangazo ya biashara jijini New York, akaiacha kwa hiari ili aishi shambani. Katika nyumba ya Mick, Cary anakikuta kitabu cha Thoreau, Walden, kilichochapishwa mwaka 1854, ambacho kinasifu maisha ya kujitosheleza. Kwa hiyo, watu hawa wanaochukuliwa na Stoningham kuwa wa chini ni watu waliochagua unyenyekevu wa maisha. Hakuna kati yao anayehofia kukosa chakula.

Jambo hili lina uzito kiuhakiki. Katika Kiswahili cha kitaaluma, neno tabaka limebebeshwa mzigo wa dhana mbili: nafasi ya mtu katika uzalishaji mali na heshima anayopewa na jamii. Mhakiki anayezichanganya dhana hizo ataona katika filamu hii mgogoro kati ya tajiri na maskini, mgogoro ambao haumo. Stoningham haimuulizi Ron ana kiasi gani benki. Inauliza mikono yake inafanya nini, na ameonekana akiingilia mlango upi.

3.0 Maneno kama Ukuta

Ushahidi wa hoja hii umo katika jinsi wahusika wanavyozungumza. Hakuna sheria inayomkataza Cary kuolewa na Ron, wala hakuna anayemtishia kumnyang'anya mali. Silaha pekee ya mji ni kusema. Mona Plash, msengenyaji mkuu wa mji, anapokutana na Ron katika karamu ya Sara, rafiki wa Cary, anaisifia ngozi yake iliyochomwa na jua la kazi za nje, kisha anaongeza kwamba bila shaka hata ndani ya nyumba ana ustadi. Kwa juu juu hayo ni maneno ya adabu, na hakuna hata moja linaloweza kushtakiwa. Hapo ndipo penye nguvu yake: kijembe kinachovaa nguo za heshima hakijibiki, kwa kuwa anayekijibu ndiye anayeonekana hana adabu.

Uvumi nao unakwenda mbali zaidi ya kijembe. Panazuka maneno kwamba Cary na Ron walikuwa na uhusiano hata kabla ya mume wa Cary kufariki. Maneno hayo yanamfikia Kay, binti wa Cary, ambaye anarudi nyumbani akilia. Kay ni msomi anayependa kuzifafanua hisia za watu kwa nadharia za Freud, lakini elimu yake haimkingi. Sirk na mpigapicha wake, Russell Metty, wanakiangazia chumba cha Kay kwa rangi za upinde wa mvua, na mtazamaji anamwona msichana anayelia na mama anayeamua, ndani ya mwanga mzuri, kuyaacha mapenzi yake.

Linganisha jambo hilo na kisa cha Howard, mwanamume mwenye mke, ambaye anambusu Cary kwa nguvu klabuni. Howard haondolewi katika jamii hiyo. Harvey naye, mzee mpole anayemwahidi Cary usuhuba bila mapenzi, anakubalika na wote. Mji hauadhibu uchu wala haudai mapenzi. Unachodai ni kwamba mjane abaki ndani ya duara lake.

4.0 Nyumba na Televisheni

Mapema katika filamu, Kay anasimulia desturi ya Misri ya kale ya kumfungia mjane kaburini pamoja na mali za marehemu, akimalizia kwamba mambo hayo hayafanyiki tena. Mama yake anaonesha shaka. Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake cha kulipima jibu hilo. Katika jamii za Waislamu za pwani ya Afrika Mashariki, mjane aliye edani huitwa kizuka, na eda yake ina kikomo kinachojulikana: miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue akiwa mjamzito. Kizuizi cha Stoningham hakina jina, na kwa sababu hiyo hakina tarehe ya kuisha.

Ned, mtoto wa kiume, anapinga nyumba ya baba isiuzwe, na Cary anatii. Ikifika Krismasi, Kay ana mchumba na Ned anakwenda kusoma ng'ambo. Sasa ni Ned mwenyewe anayependekeza nyumba iuzwe, kwa kuwa ni kubwa mno. Zawadi ya watoto kwa mama yao ni televisheni. Muuzaji anamwahidi kwamba humo atapata wenzi wote anaowataka, na kamera inausogelea uso wa Cary ukiakisiwa katika kioo ambacho bado hakijawashwa. Filamu nzima haina shutuma kali kuliko hii: kafara alilotolewa mjane halikuwa na faida hata kwa waliolidai.

5.0 Tatizo la Mwisho

Baada ya picha hiyo, filamu inalegea. Ron anateleza katika theluji, anaanguka kutoka kwenye jabali na kuumia kichwa. Cary anakwenda kumuuguza kinuni, na nje ya dirisha kubwa anasimama paa. Mgogoro wa hadhi haukutatuliwa. Umeahirishwa na ajali. Stoningham haijabadilika, na Cary ndiye aliyehama, aliyeacha duara lake na kuikubali nyumba ya mwanamume ambaye hakuacha chochote. Sirk alimweleza Jon Halliday, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1971, kwamba studio ililiona jina la filamu kuwa ahadi ya kupata kila kitu, ilhali kwake yeye mbingu ni bahili. Kejeli hiyo ipo, lakini haitoshi kuufuta udhaifu wa msuko.

Mwongozaji wa Ujerumani, Rainer Werner Fassbinder, aliliona pengo hilo. Katika Angst essen Seele auf (1974), mjane ni Emmi, mfanyakazi wa usafi, na mpenzi wake ni Ali, kibarua mhamiaji kutoka Moroko. Hapo televisheni haipokewi kama zawadi: mtoto wa Emmi anaipiga teke na kuivunja. Mwisho wake nao uko hospitalini, lakini Ali anaugua kidonda cha tumbo ambacho daktari anakihusisha na maisha magumu ya vibarua wa kigeni. Anguko la Ron ni bahati mbaya. Ugonjwa wa Ali una chanzo katika jamii, na utarudi. Tofauti kati ya miisho hii miwili ndiyo tofauti kati ya kuonesha dhuluma na kuieleza.

6.0 Hitimisho

All That Heaven Allows inabaki kuwa kazi yenye thamani kwa sababu inaonesha kwa usahihi jinsi mtu mwenye nyumba, fedha na haki zote za kisheria anavyoweza kufungwa na maneno ya watu. Kwa wahakiki, inadai istilahi za tabaka na hadhi zitenganishwe. Kwa washauri wa sera, inadai uangalifu wa namna hiyo hiyo. Kipimo kinachohesabu kipato na umiliki peke yake kingemhesabu Cary miongoni mwa walio huru, usiku ule ule alipokuwa akiutazama uso wake katika kioo cha televisheni.