Maharagi ndani ya bokali: maoni juu ya maonyesho ya mbegu za asili

Kwenye sikukuu za utamaduni hapa Kivu, mara mingi utakuta meza ya mbegu za asili. Bokali zimepangwa mustari: maharagi mekundu, meupe, meusi, ya njano, yenye madoadoa. Watu wanapita, wanapiga picha, wanasifu. Sisi pia tunafurahia kazi hiyo. Lakini mwenye kupenda kitu sherti akichunguze, na sisi tunaona kama meza nyingi za namna hii zinaonyesha rangi ya mbegu na kuficha akili ya wale wenye waliichunga.

Tuanze na mpango wenyewe. Mama wa kijiji cha Kivu, sawa na jirani zake wa Rwanda na Burundi, kwa desturi hapandi rangi moja. Anapanda mchanganyiko. Ndani ya shamba moja unaweza kuhesabu aina kumi, ishirini, hata kupita. Hiyo si fujo. Aina moja inavumilia mvua nyingi, ingine inavumilia jua. Moja inaoza mizizi wakati jirani yake inasimama. Ingine inaiva mbio na kuokoa watoto na njaa, ingine inakawia lakini inajaza kitunga. Kwa shamba lenye udongo wa kuchoka mama anapunguza hii na kuongeza ile, na kwa shamba la karibu na migomba anabadilisha tena kipimo.

Ule ujuzi wa kupima njo utamaduni wenyewe. Sasa, tukichambua mchanganyiko na kutia kila rangi ndani ya bokali yake, tunafanya sawa na mchuuzi mwenye anatafuta rangi moja juu ya bei. Mgeni anaona aina, lakini kipimo hakioni, na mama mwenye alikipima ametoka mezani. Tunashauri hivi: vitunga viwili viwekwe mbele, kimoja cha mchanganyiko wa udongo wa kuchoka, kingine cha mchanganyiko wa migombani. Bokali za aina mojamoja zifuate nyuma yake. Hapo mtu atauliza juu ya nini vitunga havifanane, na mazungumzo yataanza.

Kisha kuna etiketi. Mara mingi inaandikwa tu «mbegu ya mababu». Ya mababu gani? Ya kilima gani? Jina lake kwa Mashi, kwa Kihavu ao kwa Kinande ni gani? Ilivunwa mwaka gani, nani aliitoa, inapenda udongo gani? Bokali bila habari hizo ni chakula tu kwenye kioo.

Na ukweli usifichwe. Maharagi haya tunayokula kila siku yalianzia Amerika. Yalivuka bahari na Wareno, yakaenea Afrika nyuma ya karne ya 16. Tena kati ya aina za kupanda juu ya miti, zingine zilitoka kwa watafiti wa kituo cha INERA kule Mulungu, karibu na Bukavu. Kuandika hivyo hakupunguze heshima ya mababu. Walipokea mgeni, wakamjaribu kwa kila kilima, wakamfanya mtoto wa nyumba. Kazi hiyo ni kubwa, na inafaa isomwe kwenye etiketi.

Tatu, ulinzi. Mbegu inapumua, ni kitu chenye uhai. Ukiiweka kwa jua la dirisha miezi mingi, inazeeka. Ukiifunga ndani ya bokali mbele haijakauka vizuri, inatoka jasho na kuota ukungu. Fukusi naye anaweza kuingia tangu shambani, ndani ya ganda, na bokali ikawa nyumba yake ya kuzalia. Wazee walijua: jua la kukausha, moshi wa jikoni, na majivu. Majivu yanajaza nafasi kati ya mbegu na mbegu, dudu linashindwa kutembea.

Benki kubwa za mbegu zinafuata kanuni ya ukavu, na kuongeza baridi. Kule Svalbard, Norwe, ghala lililofunguliwa mwaka 2008 linaweka mbegu kwa digrii 18 chini ya sifuri. Kule Palmira, Kolombia, kituo cha CIAT kinachunga sampuli za maharagi zaidi ya 37,000. Ni kazi ya faida. Lakini mbegu ya kwenye baridi inalala. Haijifunze ugonjwa mpya wa kilima chetu. Ile ya mama inarudi shambani mwezi wa tisa na mwezi wa pili, na kila msimu inajaribiwa.

Basi kila mkusanyo ugawanywe mara tatu: mbegu ya kuonyesha, mbegu ya kupanda, na mbegu ya kuweka kwa jirani. Ya kuonyesha iruhusiwe kufa. Zile mbili zingine hapana. Na ya jirani isidharauliwe. Nyuma ya mauaji ya 1994 kule Rwanda, wengi waliogopa kwamba aina za maharagi zimepotea. Watafiti walikuta sehemu kubwa bado iko: ilibaki mashambani, kwa majirani na sokoni.

Hapa kwetu, mahali watu wanakimbia vita tangu 1996, somo hilo ni la lazima. Bokali haijue kukimbia. Mbegu yenye iko kwa nyumba kumi inaweza kuungua kwa moja na kurudi kutoka kwa tisa. Wenye kutengeneza maonyesho tunawaomba jambo moja: mwisho wa sikukuu, msirudishe mbegu zote kabatini. Gaweni kopo mojamoja kwa wenye mashamba, muandike majina yao, na kwa msimu unaofuata muwaulize imezaa namna gani.