Ngazi ya Sauti na Shingo ya Gitaa

Muziki wa dansi ni sehemu ya utamaduni wetu ambayo imejadiliwa mara nyingi kwa upande wa maneno yake. Wahakiki wamepima mafumbo ya waimbaji, maonyo yao na lugha yao. Ni nadra, hata hivyo, kuhakiki kazi ya mkono, yaani jinsi mpiga gitaa anavyojifunza kuzitafuta sauti katika chombo chake. Katika insha hii tunakusudia kuchunguza jambo moja la kazi hiyo, nalo ni mazoezi ya ngazi ya sauti, ambayo wapigaji huiita skeli, katika shingo nzima ya gitaa.

Juu ya mazoezi hayo kuna maoni mawili yanayopingana. Wako wasemao kwamba skeli ni mambo ya kigeni, na kwamba mpigaji wa kweli hujifunza kwa sikio, akikaa karibu na mkubwa wake na kuviiga vidole vyake. Hao hupenda kutukumbusha kuwa mwacha asili ni mtumwa. Wako pia wasemao kwamba asiyejua skeli zote hajui muziki. Hao huwapa vijana michoro ya kukariri, wakapanda na kushuka ngazi hizo kwa kasi pasipo wimbo wowote. Sisi twaona kuwa kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Yafaa kwanza tukitazame chombo chenyewe. Kwenye kinanda kila sauti ina mahali pake pamoja tu. Gitaa si hivyo. Sauti ya uzi wa kwanza, ule mwembamba, unapopigwa wazi, hupatikana tena katika uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, na uzi wa nne freti ya 14. Mpigaji anayezijua freti za mwanzo tu hujibu kila wimbo kwa vifungu vile vile. Sikio lataka kupanda, lakini mkono haujui njia. Hiyo ndiyo kasoro ya kujifunza kwa kuiga peke yake: mwanafunzi huvirithi vifungu vya mkubwa wake, ila hairithi njia iliyomfikisha huko.

Je, ni kweli kwamba kuijua shingo nzima ni jambo la kigeni? Historia yakanusha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, katika Katanga. Bosco alipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, peke yake, kidole gumba kikishika sauti nzito na kidole cha shahada kikiimba juu yake. Upigaji wa namna hiyo hutegemea sana nyuzi zilizo wazi na freti za mwanzo. Bendi zilipopata magitaa ya umeme, kazi ya mtu mmoja iligawanywa kuwa besi, ridhimu na solo. Mpiga solo, akiisha kutuliwa mzigo wa besi, alipanda juu ya shingo ili sauti yake isigongane na ile ya ridhimu. Ndivyo alivyopiga Docteur Nico katika African Jazz ya Kongo, na ndivyo alivyopiga Mbaraka Mwinshehe katika Morogoro Jazz Band, kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Haja ya kuijua shingo nzima, basi, ilizaliwa ndani ya dansi lenyewe.

Sasa mazoezi yafanyweje? Vijana wengi walioimba kwaya wanazijua do, re, mi. Mwalimu na aanzie hapo. Katika uzi wa pili, do iwe freti ya 1, re ya 3, mi ya 5, fa ya 6, so ya 8, la ya 10, ti ya 12, na do ya juu freti ya 13. Kisha kila sauti ipewe pacha wake katika uzi wa kwanza: do ipigwe pamoja na mi, uzi wa kwanza ukiwa wazi, re pamoja na fa, freti ya 1, mi pamoja na so, freti ya 3, fa pamoja na la, freti ya 5, na kuendelea hivyo hadi juu. Mkono utagundua kuwa unahitaji maumbo mawili tu: vidole katika freti zinazopakana, au vidole vilivyoruka freti moja katikati. Na sikio litazitambua mara moja sauti hizo pacha, maana ndizo zisikikazo magitaa yanapotawala wakati wa chemko.

Hapo ndipo unapodhihirika upungufu wa michoro ya kukariri. Mchoro huonyesha mahali pa vidole, bali hauonyeshi kifungu kianzie wapi, kipumue wapi, na kimpishe vipi mwimbaji. Kijana aliyelelewa na michoro peke yake huwa na vidole vyepesi, lakini hana la kusema.

Wako watakaouliza kwa nini tulishughulikie jambo dogo kama hili. Ni kwa sababu wapigaji waliolijenga dansi wanatutoka mmoja mmoja, na mengi waliyoyajua hayakuandikwa. Mbaraka alifariki mwaka 1979, Docteur Nico mwaka 1985, Bosco mwaka 1990. Zimebaki santuri na kanda, nazo hutupa sauti bila ya vidole. Kijana asiyeijua shingo ya gitaa atasikiliza solo la kale na kulistaajabia tu. Aijuaye atalitafuta, atalipata, na pengine atalipata mahali pawili, kisha ataamua lipi lafaa zaidi.

Kwa hiyo twawashauri walimu wachague wimbo mmoja wa dansi unaojulikana na wanafunzi. Uimbwe kwanza kwa do, re, mi; upigwe katika freti za mwanzo; uhamishiwe juu ya shingo; hatimaye upigwe kwa sauti pacha. Skeli ikifundishwa hivyo, kila santuri ya kale itakuwa mwalimu.