Rapu kwa Sikio la Tumbe

Wapo kwetu Pemba wasemao kuwa rapu si ushairi, kwa kuwa haina mizani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kisiwa kilichowatoa Kamange na Sarahani, malenga wa karne ya 19 waliojibizana kwa beti, kina haki ya kuukagua kila utungo mgeni. Ila ukaguzi huanza kwa kusikiliza.

Kundi la Kwanza Unit liliundwa Dar es Salaam mwaka 1993. Miaka miwili kabla yake, Saleh Jabir alikwisha kuutilia maneno ya Kiswahili wimbo wa Vanilla Ice, na lugha haikukwama. Hata hivyo Rhymson, KBC na wenzao walitunga zaidi kwa Kiingereza, na albamu yao, Kwanzanians, ilipotoka mwaka 1999, hadhira ilikwisha kuzoea kusemeshwa kwa Kiswahili. Walijenga nyumba, wageni wakaingia kwa jirani.

Jirani huyo ni Hard Blasters: Profesa Jay, Fanani na Big Willy, waliotoa Funga Kazi mwaka 2000. Hapa ndipo mpenzi wa ushairi anapopaswa kutega sikio. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo kina cha silabi moja ni rahisi mithili ya dagaa katika usiku wa kiza. Mtunzi wa tarbia huulipia urahisi huo kwa mizani nane kwa nane na kwa kina cha kati. Aliyeiacha mizani atalipa kwa nini? Wengi waliofuata hawakulipa chochote, na tungo zao ni mlio wa silabi za mwisho tu.

Profesa Jay alilipa kwa kisa na kwa msemaji. Katika Ndiyo Mzee, iliyomo katika albamu yake ya peke yake ya mwaka 2001, mgombea anaahidi yasiyowezekana na umati unaitikia. Mtunzi hamkejeli, anamwacha ajikejeli kwa kinywa chake. Maneno mawili ya kiitikio hayabadiliki, lakini mwanzoni ni heshima na mwishoni ni aibu. Kibwagizo gani cha shairi kingetaka zaidi? (Mwaka 2015 mtunzi mwenyewe aliomba kura, akawa Mbunge wa Mikumi hadi 2020.)

Ushawishi wa makundi haya umefika hadi dikoni Tumbe, na hapo ndipo penye shaka yangu. Hard Blasters walishinda kwa kusema kwa lugha ya mitaa yao. Vijana wetu wamewaigiza hata mitaa: wanarapu kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, wakikiacha Kipemba mlangoni kama Kwanza Unit walivyokiacha Kiswahili. Haji Gora Haji hakuyaonea haya maneno ya Tumbatu, na wasomaji wa mbali wakajifunza kuyasoma. Utungo wa rapu kwa maneno ya wavuvi wa hapa, yenye matamshi ya hapa, bado naungojea.